Lita 130 za bahari sebuleni Lubumbashi: tathmini ya seti ya akwaria ya maji ya chumvi

Seti ninayoitathmini hapa niliinunua mwezi wa Machi mwaka jana katika duka moja la samaki wa mapambo lililoko katikati ya mji wa Lubumbashi, kwa dola 640 taslimu, na tangu siku hiyo imekaa sebuleni kwangu upande wa Bel-Air bila kuzimwa kwa hiari yangu hata mara moja. Nasema kwa hiari yangu kwa sababu umeme wa mtaa wetu nao una hiari yake, na jambo hilo nitalirudia. Jina la kiwanda na la duka nimeyaacha, kwa kuwa seti za aina hii hufanana mno, na yaliyonipata mimi yanaweza kumpata yeyote atakayefungua sanduku kama lile hapa mjini, liwe limeandikwa jina lolote.

Sanduku lilikuja kwa lori kutoka Johannesburg kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, jambo nililolitambua mara tu nilipoona plagi zenye vijiti vitatu vinene vya duara ambavyo haviingii katika soketi yoyote ya nyumba yangu. Ndani yake mlikuwa na tangi la kioo la lita 130 lenye vyumba vitatu vilivyofichwa nyuma, taa ya LED, pampu moja ya kuzungusha maji, skima ya kutoa uchafu kwa povu, hita ya wati 100, hidromita ya mshale ya kupimia chumvi ya maji, mfuko wa chumvi wa kilo 4, vijikaratasi vya kupimia maji, na kijitabu cha kurasa 24 ambacho kwenye jalada lake kimeahidi bahari kamili kwa anayeanza.

Nianze na kilichonifurahisha. Kioo kina unene wa milimita 8, kingo zake zimesagwa vizuri, silikoni imepakwa na mtu mwenye mkono mtulivu, na hadi leo sijaona hata unyevu chini ya pembe. Taa nayo ni ya kusifiwa: mwanga wa bluu na mwanga mweupe huongozwa kila mmoja peke yake, joto lake haliingii majini, na kwa saa 8 za mwanga kwa siku matumbawe laini niliyoyaweka mwezi wa Novemba yamefunguka na kuanza kutambaa juu ya jiwe la jirani. Kwa vitu viwili hivi peke yake ningelipa dola 400 bila kunung'unika. Vyumba vya nyuma pia vimepangwa kwa akili, kwa maana maji hupita kwanza kwenye sponji, kisha kwenye skima, ndipo yanarudishwa mbele na pampu, na sebuleni mgeni haoni waya wala mpira wowote.

Tabu ipo katika vitu vidogo vilivyobaki, na zaidi katika vile ambavyo havimo sandukuni kabisa.

Sikuwa mgeni wa kufuga samaki. Kwa miaka tisa nimefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa kwenye mawe wanaoletwa kutoka upande wa Moba, na niliamini kwamba mtu aliyezoea maji magumu yenye pH ya karibu 9 hawezi kutishwa na bahari ambayo pH yake ni 8.2 hivi. Imani hiyo ilinigharimu. Samaki wa ziwa walinizoesha kumimina maji ya nyumbani kwa ndoo bila kuyawazia, kwa sababu madini yanayotoka ardhini kwetu hayawasumbui, na maji yakichafuka unabadilisha theluthi moja na mambo yanaishia hapo. Katika tangi la chumvi unabadilisha kidogo, kwa kuwa chumvi ina bei, na kila kilichoingia pamoja na maji hukaa humo kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza lililonikwaza lilikuwa hidromita. Ni kikopo cha plastiki chenye mshale unaoelea, nacho kilinionyesha 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matamu), kipimo ambacho kijitabu kinakitaka, nami nikalala kwa amani kwa wiki mbili. Rafiki yangu anayefanya kazi katika maabara ya mgodi mmoja alipokuja na refraktomita, chombo kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, akaisawazisha kwanza kwa kimiminika maalumu cha gramu 35 kwa kilo, tulikuta maji yangu yako 1.021 tu, ambayo ni kama gramu 28 badala ya 35. Viputo vidogo vya hewa hujishika kwenye mshale na kuuinua, mtu akadhani chumvi imetosha. Ukikigonga kikopo kidogo kwa kidole viputo hutoka na kipimo husogea karibu na ukweli, lakini chombo kinachohitaji kugongwa ili kiseme kweli sikihesabu kuwa kipimo. Refraktomita ya kawaida hupatikana kwa dola 30 hivi, na kiwanda kingeweza kuiongeza kwenye bei bila mnunuzi kulalamika.

Chumvi yenyewe ni nzuri. Huyeyuka haraka na haiachi tope chini ya ndoo. Kwa kuwa mawe na mchanga hula nafasi, maji halisi ndani ya tangi langu ni lita 105 hivi, na kwa kadiri ya gramu 36 kwa lita, mfuko wa kilo 4 ulitosha kujaza mara moja tu, bila akiba ya kubadilisha maji hata wiki moja. Jirani yangu, aliponiona napima chumvi ya dola kadhaa kwa kilo kwenye mizani ya jikoni, aliniuliza kwa nini sitoi franga chache nikanunua ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Swali ni la haki. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi karibu tupu, ilhali lita moja ya maji ya bahari ina karibu miligramu 1,280 za magnesiamu na zaidi ya 400 za kalisi, ambazo matumbawe na konokono hujengea miili na nyumba zao.

Baada ya kujaza nilisubiri siku 37 kabla ya kuweka kiumbe. Hapa nawapongeza wale wa dukani kwa moyo wote, kwa sababu walikataa katakata kuniuzia samaki wiki ya kwanza, ingawa nilikuwa na fedha mkononi, wakaniambia nirudi na chupa ya maji yangu. Nilitia tangini kipande cha uduvi nikakiacha kioze. Amonia ilipanda hadi miligramu 2 kwa lita, kisha ikashuka huku nitriti ikipanda, nayo nitriti ikashuka huku nitrati ikipanda, na siku amonia na nitriti zote mbili zilipofika sifuri ndipo bakteria walipokuwa wamekaa kwenye mawe kwa wingi wa kutosha kula uchafu wa samaki wawili. Vijikaratasi vya seti vilisema sifuri tangu siku ya ishirini na tano. Vipimo vya matone nilivyonunua pembeni vilisema bado, na ndivyo vilivyokuwa kweli. Ukungu wa kahawia ulioenea juu ya mchanga katika wiki ya tatu haukunisumbua sana, kwa kuwa ni vijimwani vya kawaida katika tangi jipya.

Samaki wa kwanza walikuwa klauni wawili waliozalishwa katika matangi, dola 45 kila mmoja, waliofika kwa ndege kupitia Nairobi wakiwa wamekaa mfukoni zaidi ya siku nzima. Nitaje jambo moja ambalo kijitabu kimelikosea. Kinaagiza ufungue mfuko na kudondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa mbili. Katika mfuko uliosafiri hivyo amonia huwa imejaa, lakini hewa ya kaboni waliyoitoa samaki hushusha pH na kuifanya amonia hiyo isiwe kali; mara mfuko unapofunguliwa hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu huku samaki bado wamo ndani. Kilicho salama zaidi ni kuelea mfuko kwa dakika 20 ili joto lilingane, kuuliza dukani wanaweka chumvi kiasi gani, kuandaa maji ya kiasi hicho hicho nyumbani, kisha kumhamisha samaki upesi na kuyamwaga maji ya mfuko. Duka langu liliweka 1.020, kama wafanyavyo wauzaji wengi ili kuokoa chumvi, na walinijibu waziwazi nilipouliza.

Kuna suala la hewa pia, ambalo waandishi wa vijitabu vya namna hii hawaliwazii kwa kuwa wao huishi karibu na usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba oksijeni chini ya miligramu 7 kwa lita yakiwa pwani, wakati maji matamu hubeba zaidi ya 8. Ukiyapandisha maji hayo ya chumvi hadi kwetu, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13, hayafikishi hata 6. Kijitabu kinashauri mdomo wa pampu uelekezwe chini ili maji yasitoe sauti. Nimeuelekeza juu, maji yanavurugika usoni na yanatoa sauti kama ya mvua nyepesi, na samaki hawajawahi kuhema tena pampu ikiwa inafanya kazi.

Sasa nifike kwenye kisa cha kamba wangu wa baharini, ambacho ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii.

Katikati ya Juni nilinunua kamba wawili wa kusafisha, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, pamoja na konokono sita. Asubuhi ya pili konokono walikuwa wameanguka kwenye mchanga, vifuniko vyao vikiwa wazi. Jioni yake kamba mmoja alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, miguu ikipiga maji bila kumpeleka popote, na zile ndevu zake ndefu nyeupe, ambazo dukani hazikutulia hata kidogo, zilikuwa zimelala nyuma kama nyuzi zilizokatika. Wa pili alimfuata kabla ya mapambazuko. Wakati huo wote klauni walikuwa wakila na kufukuzana kana kwamba hakuna msiba nyumbani. Amonia sifuri, nitriti sifuri, chumvi 1.025 kwa refraktomita, joto sawa. Samaki wazima na viumbe visivyo na uti wa mgongo vyote vimekufa: ningekuwa na akili ya leo ningejua jibu papo hapo, maana naishi katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili yake.

Rafiki yangu wa maabara alileta kipimo cha shaba. Maji ya foraji yetu, yaani kisima kirefu cha nyumbani, yalionyesha miligramu 0.1 kwa lita, na maji ya tangi karibu 0.2. Chanzo kiwe mabomba ya shaba ya nyumba ya zamani au ardhi yenyewe, kwa kamba ni mamoja. Nilirudi dukani na matokeo hayo kwa hasira, kwa sababu kabla ya kununua nilikuwa nimemuuliza kijana wa pale kama maji ya nyumbani yanafaa, naye akanijibu kwa uhakika: "Papa, hii mayi iko muzuri, tunakunywaka kila siku." Hakusema uongo. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, kwa hiyo mimi na watoto wangu tulikuwa salama mara ishirini, ilhali kamba na konokono huanza kufa katika kiwango ambacho ulimi wa mtu hauwezi hata kukihisi. Klauni nao walikuwa wazima kwa sababu kadiri ya 0.2 ndiyo ambayo wafugaji huitia makusudi katika tangi la wagonjwa kama dawa ya vimelea vya madoa meupe. Kwa miezi miwili nilikuwa nawatibu samaki wangu bila kujua. Na la kushangaza ni kwamba damu ya kamba hubeba oksijeni kwa shaba, kama yetu inavyobeba kwa chuma. Anaihitaji mwilini, na ikizidi kidogo tu majini inamuua.

Mtu atauliza jinsi 0.1 ya foraji ilivyokuwa 0.2 tangini. Maji yanapokauka, mvuke hupanda peke yake na kila kilichoyeyuka hubaki chini. Tangu Machi nilikuwa nafidia maji yaliyokauka kwa maji ya foraji, lita moja na nusu kwa siku, na hewa kavu ya kiangazi chetu ilipoanza mwezi wa Mei kiasi kilifika lita mbili. Hadi kamba walipokufa nilikuwa nimeongeza zaidi ya lita 130, yaani nilikuwa nimejaza shaba ya tangi zima kwa mara ya pili, na sehemu nyingine ilikuwa imenyonywa na mawe. Kijitabu kinasema tu kwamba yaongezwe maji yasiyo na chumvi. Ni kweli, na ni nusu ya kweli.

Dawa ya jambo hili ni mtambo mdogo wa kuchuja maji kwa utando, ambao hupitisha maji kwenye sponji ya vumbi, mkaa wa kuondoa klorini, utando wenyewe, na mwisho resini, yaani punje za kunasa madini yaliyobaki. Niliupata kwa dola 190 na ulinipa somo la fizikia. Utando hutaka mgandamizo wa baa tatu na nusu hadi nne, na tangi langu la juu, lililoko kwenye nguzo za mita 6, hutoa baa 0.6 tu, hivyo siku ya kwanza mtambo ulitoa glasi moja kwa saa. Bila pampu ya kuongeza nguvu, ambayo kwa bahati imo katika bei hiyo, mtambo huo haufanyi kazi katika nyumba yoyote inayotegemea tangi la juu, na anayenunua aulize kwanza. Kwa sasa maji yanayoingia yana 310 kwenye kipimo cha madini yaliyoyeyuka, baada ya utando yana 9, na baada ya resini yana 0. Kwa kila lita safi hutoka lita tatu za kutupa, ambazo mke wangu amezitaifisha kwa ajili ya bustani na kufulia. Nilibadilisha maji yote kwa awamu, nikaweka resini ya kunasa shaba katika chumba cha kati, na mawe yaliendelea kuiachia kidogo kidogo hadi mwisho wa Septemba.

Kosa la pili la seti hii ni hita, na kosa hilo huonekana Juni na Julai pekee. Nyumba zetu hazina joto la ndani, na usiku wa kiangazi sebule yangu hushuka hadi nyuzi 14. Hita ya wati 100 ilikuwa inawaka usiku kucha bila kupumzika na bado maji hayakupita nyuzi 23.5, wakati yanatakiwa kukaa 25 au 26. Niliongeza nyingine ya wati 100 badala ya kununua moja kubwa, kwa sababu hita mbili ndogo zina faida ya usalama: moja ikifa, nyingine hushikilia, na moja ikikwama bila kuzima haina nguvu ya kuwachemsha samaki.

Usiku wa umeme kukatika ulikuja kabla sijainunua hiyo ya pili. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ilianza saa mbili usiku, nikaona ni ya kawaida, nikala, nikalala. Saa tano niliamshwa na ukimya, maana nilikuwa nimeshazoea ile sauti ya mvua nyepesi. Kwa taa ya simu niliwakuta klauni wawili juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, mapezi ya mashavuni yakienda haraka mno. Pampu ikisimama, katika seti hii husimama kila kitu kwa pamoja, kwani maji hayafiki kwenye skima wala kwenye bakteria wa vyumba vya nyuma, na hakuna kinachovuruga uso wa maji. Nilichukua kikombe cha plastiki nikawa nachota na kumimina kutoka juu, mara hamsini, napumzika, mara hamsini tena. Mama watoto alileta blanketi mbili tukalifunika tangi pande tatu. Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa nyuzi 20.5, na samaki wote wawili wakiwa hai.

Siku ile ile nilinunua betri ya jeli ya volti 12 yenye saa-ampea 100 (Ah 100) pamoja na inverta ndogo, kwa jumla ya dola 210. Betri ya aina hiyo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, ambayo ni saa-wati 600, na kwa kuwa pampu inakula wati 15 tu, inaweza kuzungusha maji kwa zaidi ya saa 30. Hita sikuziunganisha, kwa maana zikiwaka zote mbili zingeimaliza betri kwa saa tatu. Maji mengi hupoa polepole, na blanketi hufanya kazi bila betri. Tangu wakati huo nimepitisha dhoruba za Desemba na Januari bila kuamka usiku. Anayeona dola 210 ni nyingi anunue walau pampu ya hewa ya betri, isiyozidi dola 15, ambayo hujiwasha yenyewe umeme unapokatika. Joto la Oktoba, ambalo lilinipandishia maji hadi nyuzi 29, nililimaliza kwa feni ya mezani iliyoelekezwa juu ya maji, kwa gharama ya kuongeza lita tatu na nusu kila siku.

Upande wa huduma ya duka, maoni yangu yamechanganyika. Pampu ilianza kunguruma mwezi wa tano na walinibadilishia bila mabishano, ingawa nilingoja siku 16, na kwa siku hizo nilitumia pampu ya samaki wangu wa ziwa. Kwa mtu ambaye hana tangi la pili, siku 16 bila pampu ni kifo. Vipuri vya skima hawanavyo kabisa. Samaki wanaowaleta ni wazima, wanakula mbele yako kabla hujalipa, na walinizuia nisinunue samaki wa bluu anayependwa na watoto wote, ambaye akikua hufika sentimita 30 na hawezi kuishi kwa haki ndani ya lita 130. Muuzaji anayekataa dola 80 kwa sababu hiyo namheshimu.

Kwa anayetaka hesabu, seti ilikuwa dola 640, mtambo wa maji 190, betri na inverta 210, refraktomita na vipimo vya matone 75, hita ya pili 25, mawe makavu kilo 12 na mchanga 130, na hapo ni dola 1,270 kabla ya samaki wa kwanza. Aliye na 640 pekee mfukoni nisingemshauri aichukue seti. Angojee, au aanze na mtambo wa maji na betri, ambavyo vitamfaa hata kama mwishoni ataamua kununua kioo kwa fundi na kubaki na samaki wa Moba. Aliye na 1,270 nitamwambia achukue, na hidromita ile awape watoto wachezee.

Kamba mwingine nilimnunua pale pale dukani mwezi wa Novemba. Yule kijana, kabla ya kumtia mfukoni, aliniomba chupa ya maji niliyobeba kutoka nyumbani, akaipeleka kwenye meza ya nyuma na kuipima kwa kipimo cha shaba ambacho sasa wanakiuza kwa dola 18, kimepangwa kando ya chumvi.